Kuagiza Vifaa vya Kupandia Mlima kutoka Ng'ambo kwa Wakala wa Vifurushi

Hapa Moshi vifaa vya mlima havikosekani. Ukizunguka soko la Memorial asubuhi utakuta makoti, buti na mifuko ya kulalia ya mitumba, na mwongoza watalii mwenye jicho zuri anaweza kujivika kuanzia kichwani hadi miguuni kwa bei nafuu. Hata hivyo hufika siku ambapo unachokitafuta hakipo sokoni: buti za mguu mpana katika namba yako, hema jepesi la kustahimili upepo wa kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, au mfuko wa kulalia ambao kipimo chake cha baridi unakijua kwa hakika wala si kwa kubahatisha. Vifaa vya namna hiyo huuzwa Marekani na Ulaya, na maduka mengi ya huko ama hayatumi mzigo Afrika Mashariki kabisa, ama hutuma baadhi ya chapa tu kwa sababu mikataba yao na watengenezaji inawabana kuuza katika eneo fulani. Hapo ndipo wakala wa kupokea na kusafirisha vifurushi anapohitajika.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Unajiandikisha kwa wakala, anakupa anwani ya ghala lake katika nchi yenye duka, pamoja na namba yako ya mteja. Unanunua dukani kwa anwani hiyo kana kwamba unaishi huko. Mzigo ukifika ghalani, wakala anakujulisha, unalipa nauli, naye anausafirisha hadi kwako. Ugumu uko katika jambo moja ambalo wengi hulitambua wakiwa wamechelewa, nalo ni kwamba kitu kikishavuka bahari hakirudi. Nauli ya kurudisha jozi ya buti kutoka Moshi hadi Marekani inaweza kukaribia bei ya buti zenyewe, na ushuru uliolipa kuziingiza hautarudi kwa urahisi. Kwa hiyo kazi yote ya uangalifu hufanyika kabla ya kulipa dukani, na iliyobaki hufanyika mzigo ukiwa bado ghalani, kwa kuwa ghalani ndipo mahali pa mwisho ambapo kosa bado ni rahisi kurekebishwa.

Kupima kabla ya kununua

Buti ndizo huwaumiza watu wengi, nami ni mmoja wao. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza jozi kwa kuangalia namba tu. Buti zangu za zamani zilikuwa na namba 9 ya Uingereza, nikachagua 9 katika duka la Marekani bila kutambua kwamba namba za Marekani za wanaume huwa juu ya zile za Uingereza kwa karibu namba nzima, hivyo 9 ya huko ni takriban 8 ya Uingereza. Sebuleni zilinibana kidogo tu, nikajiambia zitalegea. Kushuka kutoka kileleni hadi lango la Mweka ni zaidi ya mita 4,000, na vidole viligonga ncha ya buti kwa kila hatua ya mteremko huo. Nilifika chini nikiwa na kucha mbili nyeusi, na baada ya majuma machache zote mbili ziling'oka.

Tangu siku hiyo napima mguu, sitegemei namba. Fanya hivi jioni, wakati mguu umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana. Vaa soksi nene utakazopandia, weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama wima kisigino kikiwa kimegusa ukuta na uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, kisha mwombe mtu akuwekee alama mbele ya kidole kirefu, kwa sababu ukiinama mwenyewe mguu hubadilika. Pima miguu yote miwili na ufuate ulio mrefu. Pima na upana katika sehemu iliyotanuka zaidi. Ukishapata urefu kwa sentimita, tafuta jedwali la mtengenezaji mwenyewe, si jedwali la jumla la duka, na uangalie kama vipimo vyake ni vya mguu au ni vya ndani ya buti. Kama ni vya ndani ya buti, uache nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu mbele ya vidole kwa ajili ya mteremko. Ukiona hakuna maelezo ya kutosha, mwandikie muuzaji umweleze urefu na upana wa mguu wako. Maduka ya vifaa vya mlima mara nyingi huwa na wafanyakazi wanaopanda wenyewe, na hujibu vizuri.

Kuna jambo jingine la buti ambalo tangazo la punguzo la bei halikuelezi. Buti nyingi za kupandia huwa na tabaka la poliyurethani kati ya soli ya nje na sehemu ya juu, na tabaka hilo huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewani hata kama buti hazijawahi kuvaliwa. Jozi iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kuonekana mpya kabisa na soli ikabanduka siku ya pili ya safari. Wapagazi wote wamewahi kuona buti zilizofungwa kwa kamba namna hiyo. Kwa hiyo bei ikishuka mno kwa sababu ni toleo la zamani, muulize muuzaji tarehe ya kutengenezwa, ambayo kwa kawaida huchapishwa kwenye kitambulisho kidogo ndani ya ulimi wa buti.

Kwenye mifuko ya kulalia mtego ni tofauti. Jina la mfuko uliotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hubeba namba ya joto, na namba hiyo ni ya Farenhaiti. Mfuko wenye 20 katika jina lake si wa nyuzi 20 chini ya sifuri, bali ni wa takriban nyuzi 7 chini ya sifuri za Selsiasi. Wenye 0 ndio unaofikia karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Isitoshe, kuna tofauti kati ya kipimo cha kulala kwa raha na kipimo cha mwisho wa kuvumilia. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537, ambacho kimechukua nafasi ya kile cha Ulaya cha EN 13537, kipimo cha raha hukadiriwa kwa mwanamke wa kawaida aliyelala kwa utulivu, cha chini yake hukadiriwa kwa mwanamume wa kawaida aliyejikunja, na cha tatu ni cha kunusurika tu, ambacho hakuna mtu anayepaswa kununulia mfuko kwa kukifuata. Mara nyingi namba iliyomo katika jina ni ile ya pili. Kwa Kilimanjaro natafuta mfuko ambao kipimo chake cha raha kinafika nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa sababu kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600 na maji ya kwenye chupa huganda ndani ya hema. Mpagazi analala katika baridi hiyo hiyo, tena kwa usiku mwingi zaidi kwa mwaka kuliko mgeni yeyote. Anayewaagizia wapagazi wake mifuko asiwapunguzie kipimo hicho.

Kumchagua wakala na kuandika anwani

Angalia kwanza ghala liko wapi. Nchini Marekani kodi ya mauzo hutozwa kulingana na jimbo mzigo unakopelekwa, na majimbo ya Oregon, Delaware, Montana na New Hampshire hayatozi kodi hiyo. Wakala mwenye ghala Oregon au Delaware anakuokolea asilimia kadhaa ya bei kabla hata hujaanza kuhesabu nauli. Uliza pia mzigo hukaa ghalani bure kwa siku ngapi, gharama ya kuunganisha vifurushi kadhaa kuwa kimoja, gharama ya kupigiwa picha ya kilichomo, na kama nauli hutozwa kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, yaani unaokadiriwa kwa ukubwa wa boksi. Wakala atakutaka uthibitishe utambulisho wako, na kama ghala litapokea vitu vilivyoletwa na Posta ya Marekani, utajaza fomu namba 1583 inayompa ruhusa ya kupokea kwa niaba yako. Usishtuke ukiombwa vitambulisho viwili. Ndivyo sheria yao inavyotaka.

Wapo pia mawakala wanaoendeshwa na Watanzania au Wakenya, wenye ghala ng'ambo na ofisi Dar es Salaam au Nairobi, ambao hutoza bei moja kwa kilo ikiwa na gharama za forodha ndani yake. Kwa mzigo mwepesi wenye ujazo mkubwa utaratibu huo unaweza kuwa nafuu sana. Sharti langu kwao ni moja tu: wanionyeshe stakabadhi ya malipo ya ushuru. Bei ya jumla isiyo na karatasi nyuma yake inaweza kukuacha na mzigo uliozuiwa na mtu asiyepokea simu.

Unapoandika anwani dukani, namba yako ya mteja iandikwe jinsi ilivyo, katika mstari uleule ambao wakala ameelekeza. Ghala hupokea vifurushi vingi kila siku, na kifurushi kisicho na namba huwekwa pamoja na vingine visivyojulikana mwenyewe hadi uthibitishe kwa stakabadhi kwamba ni chako. Upande wa malipo, tatizo la kawaida ni kadi ya Tanzania kukataliwa kwa sababu anwani ya kadi hailingani na anwani ya kupelekewa mzigo. Andika anwani ya kadi kama ilivyo kwenye benki yako, usiibadilishe iwe ya ghala ili kuridhisha fomu. Duka likikataa kabisa, mawakala wengi wana huduma ya kukununulia kwa ada, na ni bora kulipa ada hiyo kuliko kuhangaika na oda inayofutwa mara tatu.

Hesabu ya nauli

Hapa ndipo vifaa vya mlima vinapotofautiana na simu au vitabu, kwa sababu vingi ni vyepesi lakini vimejaa hewa. Kampuni za usafirishaji wa haraka hulinganisha uzito wa kwenye mizani na uzito wa ujazo, halafu hutoza ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Jibu ni kilo.

Chukua mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata wenye uzito wa kilo 1.4. Duka likiutuma katika boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30, ujazo wake ni 36,000, na ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 7.2. Utalipia kilo 7.2 kwa kitu cha kilo moja na nusu. Ukimwomba wakala autie katika kifuko chake cha kubania na kuuweka katika boksi la sentimita 30 kwa 22 kwa 22, uzito wa ujazo unashuka hadi kilo 2.9. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya nusu ya nauli kwa maagizo ya mstari mmoja, na ndiyo sababu nasema ada ya kufungasha upya ndiyo pesa inayofanya kazi kuliko zote katika safari nzima ya mzigo. Soksi na glavu zitiwe ndani ya buti. Sufuria za kambi zijazwe vitu vidogo. Boksi la duka la buti litolewe ikiwa buti zitakingwa na nguo zinazozizunguka. Godoro la povu lisilokunjika liache kabisa, kwa kuwa hakuna hesabu itakayolifanya liwe nafuu. Nunua la kupuliza, au lile la povu ulitafute hapa hapa.

Mfuko wa manyoya ukibanwa kwa siku chache za ndege hauharibiki. Kwa meli nisingeusafirisha, maana kubanwa kwa majuma mengi ndani ya kontena lenye unyevunyevu hudhoofisha uwezo wa manyoya kuumuka, na kuumuka huko ndiko kunakohifadhi joto.

Vitu visivyopanda ndege

Mitungi ya gesi ya jiko hairuhusiwi, iwe imejaa au imebaki kidogo. Jiko lenyewe huruhusiwa likiwa jipya. Lililokwisha kutumika na lenye harufu ya mafuta hukataliwa. Betri za lithiamu ndizo huleta mkanganyiko. Taa ya kichwani yenye betri ndani yake kwa kawaida hupita kwa utaratibu maalumu, lakini betri ya akiba ya kuchajia simu huhesabiwa kuwa betri inayosafiri peke yake, na hiyo haibebwi kama mzigo katika ndege za abiria. Rafiki yangu aliagiza taa na betri ya akiba katika oda moja. Ghala lilizuia mzigo wote kwa majuma mawili hadi alipokubali betri iondolewe na kuteketezwa. Chagua taa inayotumia betri za kawaida unazozipata dukani Marangu, au hakikisha mapema na wakala wako kwa maandishi. Ukinunua mzigo wa thamani kubwa, ujue pia kwamba bidhaa ya aina moja inayozidi dola 2,500 ikitoka Marekani huhitaji taarifa ya kielektroniki ya usafirishaji nje, na wakala hutoza ada kuiandaa.

Mzigo ukiwa ghalani

Siku wakala anapokujulisha kwamba mzigo umefika, usilipe nauli papo hapo. Omba picha. Kwa buti naomba picha ya kitambulisho cha ndani ya ulimi, penye namba zote na tarehe, na picha ya soli. Kwa hema naomba vijiti vyake vihesabiwe. Kwa mfuko wa kulalia naomba picha ya lebo ya vipimo vya joto. Duka likiwa limekosea, ghala liko nchi moja nalo, na kurudisha hugharimu nauli ya ndani tu; lakini uangalie kwamba siku za kurudisha bidhaa huhesabiwa na duka, na siku za kukaa bure huhesabiwa na ghala, na kalenda hizo mbili hazisubiriani. Ndiyo maana napanga oda za maduka tofauti zifike katika juma moja, ili ya kwanza isikae ikisubiri ya mwisho.

Ushuru

Wakala atakutaka ujaze orodha ya vilivyomo na bei yake. Andika bei uliyolipa. Kuna watu watakaokushauri uandike nusu, au uite buti za dola 300 zawadi. Afisa wa forodha anaweza kutafuta bei ya bidhaa hiyo mtandaoni kwa dakika moja, na akikataa thamani yako atakadiria yake mwenyewe, pamoja na adhabu. Na mzigo ukipotea, bima itakulipa kwa bei uliyoandika. Eleza pia kwa usahihi kitu ni nini na kimetengenezwa kwa malighafi gani, kwa sababu neno “vifaa vya michezo” halimsaidii afisa. Buti zenye sehemu ya juu ya ngozi huingia katika kifungu cha ushuru cha 6403, za kitambaa chenye soli ya mpira 6404, mahema 6306, mifuko ya kulalia 9404, mabegi ya mgongoni 4202. Ukiyajua haya unaweza kumuuliza wakala wa forodha kiwango kabla hujanunua.

Viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Juu ya ushuru huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16, na hutozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru, si juu ya thamani peke yake. Mzigo wa thamani ya forodha ya dola 300 ukitozwa asilimia 25 utalipa ushuru wa dola 75, kisha asilimia 18 ya dola 375, yaani dola 67.50. Jumla ni dola 142.50, kabla ya tozo ndogo kama ile ya maendeleo ya reli na malipo ya wakala wa forodha. Ndiyo kusema, karibu nusu ya bei. Nina kanuni yangu: najumlisha bei, nauli na hesabu hii kwenye karatasi, na kama jumla inazidi bei ya kitu kinachofanana kilichopo Nairobi au Arusha kwa kiasi kidogo tu, nanunua cha hapa, kwa sababu cha hapa naweza kukivaa kabla ya kulipa. Uwe na namba yako ya mlipakodi tayari, na stakabadhi ya duka, kwa kuwa mzigo usio na karatasi hukaa na gharama ya kuhifadhiwa hupanda kila siku.

Mzigo ukifika

Piga picha boksi kabla ya kulifungua, hasa kama limebonyea au gundi yake imefunguliwa na kufungwa tena. Hema lisimamishe uani siku hiyo hiyo, uangalie zipu zote na mishono, kwa kuwa madai ya bima huwa na muda. Karatasi za ushuru zitunze. Unapopeleka vifaa vipya kupanda Mlima Kenya kupitia Holili au Namanga, ndizo ushahidi kwamba vimelipiwa.

Buti zivae ndani ya nyumba juu ya mkeka safi, jioni nne au tano, ukipanda na kushuka ngazi ukiwa na begi zito mgongoni. Usizitoe nje hata mara moja katika siku hizo. Zikikukataa, duka la ng'ambo haliwezi tena kukusaidia, lakini buti ambazo soli yake haijagusa udongo zitapata mnunuzi miongoni mwa waongozaji wenzako kabla ya msimu kuanza, na kwa bei isiyo mbali na ile uliyolipa.